Kusoma Kalibu Kuukuu ya Risasi: Mwongozo Kamili wa Kuitambua, Kuipima na Kuitunza

Kalibu yangu ya kwanza, chombo cha kumiminia risasi iliyoyeyuka ili igande kuwa risasi ya bunduki, niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Niliinunua kwenye mnada wa vyombo vikuukuu, imezama ndani ya ndoo ya koleo na tupa zilizoshikana kwa kutu, na muuzaji akaapa kwamba ni koleo la kuvunjia karanga. Nilipofika nyumbani nikaisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa. Ndipo nikaona, karibu na bawaba, kivuli cha herufi mbili ambazo dakika kumi kabla zilikuwa zikisomeka. Jina la fundi aliyeitengeneza nilikuwa nimelifuta mimi.

Kwa sababu hiyo, katika mwongozo huu kusafisha kunakuja mwishoni. Kalibu ni hati. Ilichongwa kwa ajili ya bunduki fulani yenye mtutu wa upana fulani, na mara nyingi bunduki hiyo imeshapotea zamani. Kilichobaki ni tundu tu, lakini tundu hilo lina habari nyingi kwa anayejua kulisoma.

Maneno kwanza

Kiswahili kinatupa msingi mzuri hapa. Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kinachotoka kwenye mtutu: neno ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni yale madini mazito ya kijivu. Kalibu nalo ni la Kiarabu, qalib, chombo cha kukipa kitu umbo. Kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu ni kusubu. Wanaisimu wengi wanaona kwamba neno calibre la lugha za Ulaya, yaani upana wa mtutu, huenda limetokana na qalib hilohilo likipitia Kiitaliano na Kifaransa, na kwamba Waarabu nao walilipata kwenye neno la Kigiriki la umbo la mbao analotumia fundi viatu. Kifaa tunachokiita kalipa ni mtoto wa calibre. Kwa hiyo ukishika kalipa kupima kalibu, unampima babu kwa mjukuu wake.

Kwa nini risasi na si chuma? Kwa sababu risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo moto wa kuni wa kawaida unalifikia, wakati chuma hudai nyuzi 1,538. Tena ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3. Kazi ya kusubu risasi ilianza karne nyingi kabla ya baruti. Wagiriki na Warumi walisubu risasi za teo zenye umbo la lozi, na baadhi waliziandika maneno ndani ya kalibu ili yatokee juu ya risasi. Makumbusho ya Uingereza mjini London ina moja ya Kigiriki, ya karne ya 4 kabla ya Kristo, iliyoandikwa DEXAI, yaani "pokea!" Nyingine zilizookotwa Perugia, Italia, kutoka mazingirwa ya mwaka 41 hadi 40 kabla ya Kristo, zina matusi ambayo sitayaandika hapa. Na huko Velsen, Uholanzi, askari wa Kirumi waliobanwa na vita walichomeka kidole gumba kwenye mchanga na kumimina risasi katika shimo hilo. Kalibu rahisi kuliko hiyo sijawahi kuisikia.

Hatua ya 1: Jikinge, kisha uliza sheria

Risasi ni sumu, na unga mweupe unaouona kwenye goroli (risasi ya duara) kuukuu au ndani ya tundu la kalibu ni risasi iliyolika. Vaa glavu, usipulize vumbi, usile wala kunywa mezani pa kazi, na watoto wakae mbali. Ukimaliza nawa kwa sabuni, kisha futa meza kwa kitambaa kibichi. Usifagie.

Upande wa sheria kuna mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni sheria za silaha: kutengeneza risasi bila kibali ni kosa Kenya na Tanzania, kwa hiyo kabla ya kujaza kabati makalibu, uliza polisi kuhusu hali ya kifaa chenyewe. La pili ni sheria za mambo ya kale. Sheria ya Tanzania ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na ile ya Kenya ya 2006 inahesabu vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Kalibu uliyoikuta Lamu au Bagamoyo inaweza kuangukia humo, na kuisafirisha nje bila kibali ni kujitafutia balaa.

Mwongozo huu hauelezi namna ya kusubu risasi kwa kalibu kuukuu, na nakushauri usijaribu. Joto hupinda vipande viwili visikutane tena, na rangi ya uzee iliyojengeka kwa miaka 150 huondoka kwa dakika chache.

Hatua ya 2: Piga picha kabla ya kugusa

Piga pande zote sita, kisha ndani. Weka rula kando. Zima taa ya juu, washa tochi na uilaze karibu usawa na uso wa chuma. Mwanga wa ubavuni hutoa herufi ambazo mchana wa saa sita huzificha. Zungusha tochi taratibu, kwa maana alama moja huonekana ukimulika kutoka kushoto na kupotea ukimulika kutoka kulia. Tafuta karibu na bawaba, kwenye mabega juu ya tundu, na ndani ya mikono.

Kalibu ikigoma kufunguka, usiigonge nyundo wala usiipashe moto. Tia tone la mafuta mepesi kwenye bawaba, iache usiku kucha, kesho yake ijaribu kwa mkono, na ikigoma tia tena. Mimi nimewahi kusubiri siku tisa.

Hatua ya 3: Itambue kwa kilichoitengeneza

Mawe laini, hasa jiwe la sabuni, yalitumika sana Amerika ya Kaskazini katika karne ya 18. Ni vipande viwili bapa, na matundu yamechimbwa nusu huku na nusu huku. Shaba nyeusi na shaba ya njano zilipendwa kwa makalibu makubwa ya kambi za jeshi, yenye tundu nyingi kwa mstari, kwa sababu hupitisha joto haraka na hazishiki kutu. Chuma ndicho cha koleo la mtu mmoja, lile analobeba mfukoni pamoja na bunduki yake. Alumini si ya kale, hata muuzaji akilia machozi.

Hapa lazima niseme jambo linalowaponza wengi Afrika Mashariki. Sura ya kizamani haithibitishi umri. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Matokeo yake, gobore la kushindiliwa baruti kwa mdeki liliendelea kufanya kazi huku Ulaya ikiwa imeshahamia kwenye risasi zenye maganda. Kalibu ya goroli moja iliyokutwa Tabora inaweza kufanana kabisa na ya Uingereza ya 1780, kumbe ni ya 1900, au imefuliwa na mhunzi wa jirani. Kwangu mimi hiyo ya mhunzi ina thamani zaidi, ila iandikwe ilivyo.

Hatua ya 4: Soma muundo

Fungua kalibu uiangalie kama mkasi uliolala. Juu kuna mdomo wa kumiminia. Risasi ikiganda, mdomo huo huacha mkia kwenye goroli, na mkia huo lazima ukatwe. Namna ulivyokatwa ndiyo saa bora ya kukadiria umri.

Makalibu ya kale kabisa hayana kikatio. Mkia ulikatwa kwa kisu. Yaliyofuata yana meno ya kukatia kati ya mikono, nyuma ya bawaba, mahali pale ambapo koleo la fundi umeme lina makali yake. Kuanzia katikati ya karne ya 19 linaenea bamba la chuma juu ya mdomo: lina shimo la kumiminia na linazunguka kwenye skrubu, ukilisukuma mkia unakatika kabla hujafungua. Mikono ya chuma tupu iliwaunguza watu kwa karne mbili. Mikono ya mbao yenye pete ya shaba ilienea kwenye makalibu ya Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na sijui kwa nini iliwachukua muda wote huo.

Ndani ya tundu, tumia kioo cha kukuzia. Makalibu mazuri yalichongwa kwa kekee yenye kichwa cha chuma kigumu kilichotiwa meno na kuchongwa kwa umbo la risasi inayotakiwa. Vipande viwili vilibanwa juu ya kichwa hicho kinachozunguka mpaka vikakutana. Kazi hiyo huacha mistari myembamba ya duara. Ukiiona, fundi alikuwa na kifaa cha kweli.

Hatua ya 5: Umbo la tundu

Tundu la duara ni la goroli, na goroli ilitawala mpaka miaka ya 1840. Tatizo lake lilikuwa hili: mtutu wenye mifereji hulenga vizuri ikiwa risasi inabana, lakini risasi inayobana ni taabu kuishindilia kutoka mdomoni. Wawindaji wa Amerika waliifunga goroli ndogo kwa kitambaa chenye mafuta. Askari vitani hakuwa na nafasi hiyo, na bunduki nyingi za jeshi zikabaki na mitutu laini. Brown Bess ya Waingereza ilikuwa na mtutu wa takriban milimita 19 na goroli ya milimita 17.5, pengo la makusudi ili masizi ya baruti yasizuie goroli ya kumi na tano.

Mwaka 1849 risasi ya Mfaransa Claude-Étienne Minié ikalimaliza suala. Ina umbo la pia, ile wanayozungusha watoto, na uvungu kitakoni. Huingia ikiwa imelegea, na baruti ikiwaka uvungu hutanuka na kuishika mifereji. Minié aliweka kikombe cha chuma ndani ya uvungu. James Burton, katika kiwanda cha silaha cha Harpers Ferry, Marekani, akaonyesha kwamba uvungu peke yake unatosha. Waingereza kwa bunduki yao ya Enfield ya 1853 walitumia kizibo cha mti, baadaye cha udongo uliochomwa.

Kwa msomaji wa kalibu, maana yake ni hii: kalibu ya risasi yenye uvungu ina sehemu tatu, vipande viwili na kigingi cha kutengenezea uvungu. Kigingi ndicho hupotea. Kabla ya kulipa, hakikisha kipo, kinaingia sawasawa, na kimezeeka rangi moja na mwili. Kigingi cheupe ndani ya kalibu nyeusi kimetoka kwingine.

Tundu mbili tofauti katika kalibu moja, la goroli huku na la umbo la pia kule, ni dalili ya bastola. Makasha ya bastola za Colt yalikuja na kalibu ya namna hiyo, mara nyingi imepigwa maneno COLTS PATENT. Zikiwa pamoja na kasha, chupa ya baruti na kopo la fataki za kuwashia baruti, bei hupanda sana. Ndiyo maana watu huunganisha vitu visivyojuana. Angalia kama kalibu inakaa ndani ya alama iliyojichora kwenye kitambaa cha kasha.

Hatua ya 6: Pima

Usipime tundu kwa kuingiza kalipa; makali yake hukwaruza, na tundu la duara hudanganya. Paka ndani unga wa talki kidogo, bana ndani yake udongo laini wa kuchezea wa watoto au silikoni ya madaktari wa meno, funga, subiri, fungua. Pima mfano uliotoka mara tatu, ukiugeuza kila mara. Ukitofautiana kwa zaidi ya nusu milimita, kalibu imepinda au haikufungwa vizuri.

Kumbuka pengo nililolitaja: kipenyo cha goroli si kipenyo cha mtutu. Usiandike "bunduki ya milimita 17.5" kwa sababu tundu ni milimita 17.5.

Hatua ya 7: Soma namba

Hii ndiyo sehemu tamu, na ndiyo yenye makosa mengi. Zamani watu hawakupima mtutu kwa rula. Walihesabu goroli ngapi za kuutosha zinatoka katika ratili moja ya Kiingereza ya risasi, gramu 453.6. Bunduki ya 12 ni ile ambayo goroli zake 12 zinatimiza ratili. Kwa hiyo namba ikikua, tundu linapungua. Geji 12 ya bunduki za marisawa, yaani risasi ndogondogo, za leo imetoka hapo hapo.

Ukitaka milimita, tafuta kipeuo cha tatu cha namba, kisha gawa 42.4 kwa jibu. Kwa 12 unapata 18.5, kwa 16, 16.8, kwa 54, 11.2, kwa 120, 8.6.

Wamarekani wao walipiga sehemu za mia za inchi. Sasa tazama mtego. Kalibu ya bastola ya Kiingereza ya Adams imepigwa 54, na kalibu ya bastola ya Kimarekani imepigwa 44. Ukifanya hesabu, zote mbili ni milimita 11.2. Ukiisoma 54 kwa mtindo wa Kimarekani utapata 13.7, na utaitafuta bunduki isiyo yake. Kwa hiyo pima kwanza, kisha uliza namba ni ya mtindo gani.

Namba mbili zenye mstari kati, kama 45-70, ni za enzi ya maganda, baada ya 1870 hivi: inchi 0.45, na greni 70 za baruti nyeusi, yaani gramu 4.5. Namba ya tatu, ikiwepo, ni uzito wa risasi. Na tarakimu sita mfululizo, kama 308241, ni mtindo unaohusishwa na Ideal, kampuni iliyoanzishwa na John Barlow mjini New Haven mwaka 1884 na kununuliwa na kampuni ya Lyman mwaka 1925. Tarakimu tatu za kwanza ni kipenyo, inchi 0.308; tatu za mwisho ni namba ya muundo.

Usitafute kalibu ya marisawa madogo; karibu hutaipata. William Watts wa Bristol alipata hataza mwaka 1782 ya kumimina risasi kwenye chujio kutoka juu ya mnara, matone yakawa duara yakianguka na kupoa ndani ya maji. Risasi za majeshi nazo, kuanzia miaka ya 1850, viwanda kama Woolwich vilianza kuzigandamiza kwa mashine badala ya kuzisubu. Kalibu ya mkononi ikabaki kwa mwindaji, mlenga shabaha na mtu anayeishi mbali na duka.

Watu wa namna hiyo walikuwa wabunifu. Msafara wa Lewis na Clark uliovuka Amerika kati ya 1804 na 1806 ulibeba baruti ndani ya makopo 52 yaliyotengenezwa kwa risasi: ratili 4 za baruti ndani ya ratili 8 za risasi, ili kopo likiisha baruti lenyewe liyeyushwe liwe goroli. Na tarehe 9 Julai 1776, watu wa New York waliiangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu akiwa juu ya farasi. Sehemu kubwa yake ilipelekwa Litchfield, Connecticut, na wanawake na watoto wakaisubu. Hesabu iliyobaki kwenye kumbukumbu ni risasi 42,088.

Hatua ya 8: Gundua nakala

Nakala nyingi ni halali. Italia imetengeneza bastola za mtindo wa kale na makalibu yake tangu miaka ya 1950. Shida ni inapochakazwa iuzwe kama ya kale. Angalia haya. Herufi zilizopigwa kwa mhuri zina kingo kali na vina. Zilizonakiliwa kwa kusubu mwili mzima zina mabega laini, kama sabuni iliyotumika, na uso wake una chembechembe za mchanga. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 au baadaye. Kutu ya kupikwa ni ya rangi ya chungwa, sawa kila mahali, hata ndani ya bawaba. Kutu ya umri ni kahawia nyeusi, na imechakaa pale vidole vilipokuwa vikishika.

Hatua ya 9: Sasa safisha, kidogo

Mswaki laini, mafuta ya cherehani, kijiti cha mbao kwa pembe, pamba ya kufutia. Basi. Usitumie siki, ndimu wala dawa ya kung'arishia shaba. Risasi iliyoganda ndani ya tundu iache. Huo ni ushahidi wa kilichosubiwa mara ya mwisho. Kutu inayodondoka ifute kwa mafuta, iliyoshikamana iache ikae. Mwishoni paka nta nyembamba kwenye chuma, na kwenye mikono ya mbao mafuta ya kitani, tone moja tu.

Pwani, unyevu na chumvi ni adui wa kila siku. Weka kalibu kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko pamoja na vifuko vya kukausha vilivyotoka kwenye masanduku ya viatu, uvibadilishe mara kwa mara. Goroli za risasi zisikae ndani ya kasha la mwaloni au boksi la karatasi kwa miaka: mvuke wa asidi hutoka kwenye mbao na karatasi na kuigeuza risasi kuwa unga mweupe.

Hatua ya 10: Andika

Kila kalibu iwe na kadi: ulipoipata na lini, imetengenezwa kwa nini, urefu, uzito, kipenyo cha mfano kwa milimita, namba na herufi kama zilivyo bila kuzitafsiri, kisha, kwa kalamu ya rangi nyingine, dhana yako. Ukikosea, dhana itafutwa na vipimo vitabaki.

Kadi ya kalibu yangu ya kwanza inasema: koleo la chuma, tundu moja la duara, milimita 15.6, meno ya kukatia nyuma ya bawaba. Herufi mbili karibu na bawaba, hazisomeki, zimefutwa na mmiliki.